Kanisa lenye lilikatazwa msumari



Wengi mumezoea kunisoma juu ya mihogo, mbolea na udongo. Leo nataka tuzungumze juu ya kanisa moja la mbao lenye liko mbali sana na sisi, katika kijiji cha Hronsek, katikati ya Slovakia, kule Ulaya. Ni kanisa la Walutheri. Walianza kulijenga 1725, wakamaliza 1726, na hadi leo limesimama, watu wanasali ndani. Mtu anaweza kuniuliza: weye injinia wa kilimo, unatafuta nini ndani ya kanisa la watu wa Ulaya? Jibu liko katika kosa moja lenye nilifanya miye mwenyewe. Acha nianze na lile kosa.

Miaka mitatu iliyopita, kiisha kupata lisanse yangu, nilirudi kijijini kwetu kusalimia familia. Wazee wa shapeli waliniita. Walikuwa wamekusanya pesa kidogo, wanataka kujenga shapeli mpya ya mbao juu matofali na simenti viliwapita uwezo. Mzee mmoja akasema mbele ya wote: "Injinia, weye ulisoma mambo ya miti. Utuambie tutumie mti gani." Nilijibu haraka haraka, kama mtu anajibu swali la mtihani: mikaliptusi. Iko mingi, bei yake iko chini, inakomaa mbio, inanyooka. Wote wakafurahi. Walitaka Krismasi iwakute ndani. Miti ikakatwa mwezi wa kumi, ikapasuliwa mbao juma lilelile, na juma lenye lilifuata mbao zikapigwa misumari zikiwa bado nzito kwa maji.

Krismasi tuliimba vizuri. Lakini kiangazi kilipofika, mwezi wa saba, mbao zilianza kujipinda. Kati ya ubao na ubao kidole kilipita. Mlango ukakataa kufunga. Nguzo moja ikapasuka kuanzia mahali pa msumari mpaka chini. Waliniita tena. Papa mmoja fundi, mwenye kupita miaka sabini, alishika ule ubao, akaniangalia, akasema: "Mwanangu, mulipigilia mti ungali mbichi. Sasa umekauka, unatafuta nafasi yake." Aliongea pole pole, bila hasira, na njo maana maneno yake yaliniuma zaidi. Miye nilikuwa na diplome ukutani, kumbe yeye njo alikuwa na jibu.

Tangu siku ile nilianza kutafuta: je, kuna majengo ya mbao yenye yalidumu miaka mia mbili, mia tatu? Watu wake walijua nini chenye miye sikujua? Kutafuta huko njo kulinifikisha Hronsek.

Sheria yenye ilizaa kanisa

Ili kuelewa lile jengo, inafaa kwanza kuelewa shida yenye wenye kulijenga walikuwa nayo.

Mafundisho ya Martin Luther yalianza Ujerumani 1517, na katika karne hiyo hiyo ya 16 yakaenea sana katika ufalme wa Hungaria. Slovakia ya leo ilikuwa ndani ya ufalme huo. Lakini wafalme wake walikuwa wa ukoo wa Habsburg, Wakatoliki, wakitawala kutoka Vienna. Wakati wa Leopold wa Kwanza mateso yalizidi. Walutheri walinyang'anywa makanisa. Mwaka 1674 wachungaji wengi waliitwa mbele ya baraza la hukumu katika mji wenye leo unaitwa Bratislava. Wengine kati yao waliuzwa kuwa watumwa wa kupiga makasia katika merikebu kule Napoli, Italia, na ni mwaka 1676 njo amirali wa Uholanzi, Michiel de Ruyter, aliwafungua wenye walikuwa wamebaki hai.

Mateso hayo yaliamsha vita na maasi ndani ya ufalme. Mfalme akaona heri alegeze kamba kidogo. Mwaka 1681, wakubwa wa ufalme walikutana katika mji wa Sopron. Pale njo ilitoka sheria yenye ndani yake vifungu vya 25 na 26 viliwapa Waprotestanti ruhusa ya kujenga makanisa, lakini ruhusa yenyewe ilikuwa ya kubana. Katika kila jimbo mahali pawili tu. Juu ruhusa ilitokana na vifungu vya sheria, na kwa Kilatini kifungu ni "articulus", makanisa hayo yakapewa jina la makanisa ya vifungu.

Pamoja na ruhusa kulikuwa masharti, na yanasimuliwa hivi hata leo. Kanisa lijengwe nje ya mji. Lijengwe kwa mbao tu, bila jiwe wala tofali ukutani. Lisitumie msumari wa chuma. Lisiwe na mnara. Lisiwe na kengele. Mlango wake usitazame mjini. Na kazi yote iishe katika mwaka mmoja.

Soma tena yale masharti, utaona nia yake. Mwenye kuyatunga hakutaka kukataa wazi wazi. Alisema "jengeni", kiisha akaondoa kimoja kimoja vitu vyote vyenye kufanya jengo liwe kubwa, lisikike na lidumu. Nafikiri alihesabu kwamba kibanda cha mbao bila msumari, chenye kujengwa kwa mbio, kitaanguka chenyewe. Hapo sheria haitakuwa na kazi ya kukibomoa.

Hesabu ile njo ilikuwa mbaya. Kanisa la Hronsek lina karibu miaka mia tatu.

Jibu la mafundi

Hebu sasa tuingie ndani, sharti kwa sharti, tuone namna mafundi walijibu.

Kwanza, idadi ya watu. Kama jimbo zima liko na mahali pawili tu pa kusali, kila kanisa litapokea watu wa vijiji vingi. Watu watatembea masaa, watafika wengi mara moja. Kwa hiyo kanisa la Hronsek, hata kama liko kijijini, si dogo. Lina nafasi ya watu karibu 1,100. Umbo lake ni la msalaba wenye mikono inakaribia kulingana: upande mmoja karibu mita 26, mwingine karibu mita 23, na urefu wa kwenda juu ndani ni karibu mita 8. Umbo la msalaba lina faida mbili. Watu wote wanakuwa karibu na mhubiri, hakuna mtu wa mbali sana. Na kwa upande wa ujenzi, kuta zinazokutana kwa pembe zinashikana zenyewe. Ukuta mrefu wa mbao wenye kusimama peke yake upepo unausukuma, lakini ukuta wenye kukunja kila mita chache unajitegemeza.

Ndani, viti vimepangwa kama ngazi, vinapanda kuelekea ukutani, na juu yake kuna roshani. Kwa Walutheri neno la mahubiri ni katikati ya ibada, kwa hiyo jengo lao lilipaswa kusaidia sikio na jicho. Mtu wa nyuma anaona juu ya kichwa cha mtu wa mbele. Mbao nazo zinasaidia sauti, juu hazirudishi mwangwi mkali kama jiwe. Kuna madirisha karibu 30, na milango 5. Watu wa pale wanasimulia kwamba milango iliwekwa mingi ili, hatari ikija, watu wote watoke mara moja. Ukikumbuka habari ya wale wachungaji wa merikebu, unaelewa juu ya nini mtu angefikiria hatari hata anapochora mlango.

Pili, mnara na kengele. Kanisa halina mnara. Lakini ukifika Hronsek utaona pembeni mnara wa mbao wa kengele wenye kusimama peke yake, wa karne hiyo hiyo ya 18. Sheria ilisema kanisa lisiwe na mnara. Mnara wao haukugusa kanisa.

Uzuri haukusahauliwa. Kinanda kikubwa cha mabomba kilitengenezwa 1764 na fundi Martin Podkonický. Mwaka 1771 mchoraji Samuel Ialich alichora picha sita za madhabahu, zenye kubadilishwa kufuatana na majira ya mwaka wa kanisa: picha ya Krismasi inatoka, ya Pasaka inaingia, na kuendelea. Kwa watu wenye walipewa mahali pa kusali kama mtu anatupiwa mfupa, hilo lilikuwa neno kubwa. Maana yake: hapa si kibanda, hapa tutakaa.

Juu ya nini bila msumari lilidumu

Sasa tunafika kwenye sharti lenye lilinigusa zaidi, lile la msumari. Hapa naomba muniruhusu kuwa mwalimu dakika chache.

Mti mbichi umejaa maji. Maji mengine yako katika matundu ya mti, mengine yameingia ndani ya nyuzi zenyewe. Yale ya kwenye matundu yakitoka, mti unakuwa mwepesi tu, haubadiliki umbo. Lakini unyevu ukishuka chini ya karibu 30%, maji ya ndani ya nyuzi nayo yanaanza kutoka, na hapo mti unaanza kupungua. Haupungui sawasawa. Kwa urefu wake karibu haupungui kabisa. Kwa upana, kufuata duara la pete za mti, unapungua karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda ganda. Njo maana ubao unajipinda: upande mmoja unavuta kuliko upande mwingine.

Tufanye hesabu. Ubao wa upana wa sentimita 20 ukipungua 8%, umepoteza sentimita 1.6. Hicho njo kile kidole chenye kilipita katika ukuta wa shapeli yetu. Mikaliptusi, hasa yenye kukua mbio na kukatwa ingali michanga, inapungua sana, tena ndani ya shina lake kuna nguvu zenye kuvutana. Ukiipasua tu, mbao zinaanza kujikunja mbele ya macho yako.

Sasa chukua ubao ule mbichi, uupigilie misumari pande zote mbili. Ubao unataka kupungua, misumari inasema hapana. Mmoja lazima ashindwe, na chuma hakishindwi. Mti unapasuka. Tena msumari wenyewe unapoingia unasukuma nyuzi kando kwa nguvu. Ufa unakuwa umekwisha kuanza kabla hata mti haujakauka. Kiisha kuna kutu. Katika miti yenye asidi nyingi kama mwaloni, chuma kinaoza mbio na mti pembeni yake unageuka mweusi, unadhoofika.

Mafundi wa mbao wa Ulaya ya zamani walikuwa na njia nyingine, na haikungoja sheria ya 1681 ili ijulikane. Nguzo inachongwa tundu la pembe nne. Mwisho wa boriti unachongwa ulimi wenye kuingia katika tundu hilo sawasawa. Kiisha wanatoboa shimo kupitia vyote viwili na kupigilia kijiti cha mti mgumu. Ujanja uko ndani ya mambo mawili. La kwanza: shimo la kwenye ulimi halitobolewi sawa kabisa na shimo la kwenye nguzo, linasogezwa kidogo sana upande wa bega. Kijiti kikipita kinavuta ulimi uingie ndani zaidi, kiungo kinakaza. La pili: kijiti kinakuwa kikavu kabisa, hata kama nguzo ingali na maji. Kijiti kinakunywa unyevu kidogo, kinavimba. Nguzo inakauka, inakibana. Kadiri miaka inapita, kiungo kinashikana zaidi.

Hapa njo nilipata somo lenye sikulitazamia. Nilifikiri kosa langu lilikuwa moja tu, kutumia mti mbichi. Kumbe mafundi wale walikuwa wanachonga nguzo kubwa za mwaloni zingali mbichi mara nyingi, juu mwaloni mkavu ni mgumu kama mfupa, unaharibu vyombo. Mti mbichi peke yake si dhambi. Kosa ni kumfunga mtu mwenye anataka kutembea. Kiungo cha ulimi na kijiti kinaruhusu mti utembee kidogo, kiisha utulie mahali pake. Msumari wangu haukuruhusu.

Kwa hiyo sharti lenye lilitungwa ili kudhoofisha jengo lilikuta watu wenye kazi yao tangu zamani haikutegemea chuma. Mtunga sheria alijua bei ya msumari, lakini hakujua mti.

Maji, jiwe na moyo wa mti

Kiungo kizuri peke yake hakitoshi. Mti una adui wengine: kuvu na wadudu. Kuvu wenye kuozesha mti hawaishi katika mti mkavu. Wanahitaji unyevu wa zaidi ya 20% hivi. Fundi akiweza kuuweka mti chini ya kiasi hicho, umemshinda adui bila dawa. Njo maana jengo la mbao lenye kudumu lina mambo matatu ya kawaida. Linakaa juu ya msingi wa jiwe, mti usiguse udongo. Lina paa lenye kuteremka vizuri na kutoka nje ya ukuta, mvua isipige mbao. Na lina nafasi za kupitisha hewa, mti ukilowa ukauke tena.

Jambo la nne ni kuchagua mti na sehemu ya mti. Mifupa ya kanisa la Hronsek ni ya mwaloni. Mwaloni una moyo wa rangi nyeusi kidogo, wenye tanini, ile ile yenye kukaza ulimi ukitafuna ganda la mti mchungu. Wadudu na kuvu hawapendi tanini. Lakini mti mweupe wa pembeni, chini ya ganda, hauna ulinzi huo, wanaula hata kwa mwaloni. Fundi mzuri anauondoa. Kwetu nako wazee wanajua hivyo: moyo wa muvula mchwa wanauogopa, lakini weupe wake wanautafuna kama mkate. Tofauti ni kwamba miye nilisoma jambo hilo katika kozi, nikalijibu katika mtihani, nikapata pointi, kiisha nikalisahau siku wazee waliniuliza.

Kuna tena jambo la miaka. Mwaloni wa kutoa nguzo kubwa unaweza kuhitaji miaka mia moja na zaidi. Mwenye kukata mwaloni 1725 alikuwa anakata mti wenye uliota wakati wa babu wa babu yake. Mtu wa zamani aliuacha ukue, labda bila hata kufikiria kanisa. Hakuna sheria yenye ingeweza kumpa fundi mti kama huo katika mwaka mmoja kama haukuwa pale tayari.

Jozef Lang, fundi bila karatasi

Kuna kanisa lingine la vifungu lenye linafaa kutajwa hapa, juu linatugusa sisi wenye diplome. Lilijengwa 1774 katika kijiji cha Paludza, kaskazini mwa Slovakia, na ni kati ya majengo makubwa ya mbao katika Ulaya yote: wanasema linaweza kupokea watu hata 6,000. Fundi wake aliitwa Jozef Lang. Habari yenye kusimuliwa juu yake ni kwamba hakujua kusoma wala kuandika, na alimaliza kazi katika miezi isiyofika tisa, bila msumari.

Miaka 200 ilipita. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga bwawa kubwa la Liptovská Mara, na Paludza kilikuwa mahali penye maji yangefunika. Kanisa la jiwe lingezama au kuvunjwa. Lile la Lang lilifunguliwa na kujengwa tena kilomita chache kutoka pale, katika kijiji cha Svätý Kríž, kati ya 1974 na 1982. Kwa upande wangu naona jambo moja: jengo lenye liliunganishwa kwa viungo bila msumari lina njia ya kufunguliwa, kama vile lilivyofungwa. Bila kujua, fundi mwenye hakujua kusoma aliacha maandishi yake ndani ya viungo, na watu wa karne nyingine wakayasoma.

Sisemi hivyo ili kudharau masomo. Watu wenye walihamisha kanisa lile walihitaji wachoraji na watu wa vipimo. Lakini naona kwamba karatasi na mkono vinahitajiana, na mara nyingi sisi wenye karatasi njo tunakawia kwenda kumuuliza mwenye mkono.

Chenye kilibaki

Mwaka 1781 mfalme Joseph wa Pili alitoa amri ya kuvumiliana, na Waprotestanti wakapata nafasi kubwa zaidi ya kujenga. Uhuru ulipofika, parokia nyingi ziliacha makanisa yao ya mbao, zikajenga ya matofali na mawe. Ni kitu cha kueleweka. Mtu mwenye alilazimishwa kuvaa nguo fulani, siku ya uhuru anaivua. Moto na miaka vilichukua mengine. Katika eneo la Slovakia ya leo kulikuwa makanisa ya vifungu 38. Ya mbao yenye yamebaki ni matano: Hronsek, Leštiny, Istebné, Kežmarok, na lile la Paludza lenye sasa liko Svätý Kríž. Mwaka 2008 UNESCO iliandika makanisa manane ya mbao ya Slovakia katika orodha ya urithi wa dunia, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti na ya Wakristo wa ibada ya Mashariki pamoja. Kanisa la Hronsek na mnara wake wa kengele vimo.

Yale yenye yalibaki hayakubaki kwa bahati tu. Jengo la mbao ni kama shamba: ukilala msimu mmoja, magugu yanaingia. Kipande cha paa kikivuja, kinabadilishwa mwaka huo huo. Ukuta ukiguswa na udongo, udongo unaondolewa. Hakuna jengo la mbao lenye kudumu miaka 300. Kuna jengo lenye watu walilitunza mara 300.

Na sisi huku?

Wengi wetu tumekulia ndani ya nyumba za mbao. Mwenye kutoka Goma anajua vizuri: kiisha volkano ya 2002, nyumba nyingi zilisimamishwa kwa mbao juu ya lava yenyewe. Lakini tumezoea kusema nyumba ya mbao ni ya maskini, ya kungojea, mpaka siku ya matofali. Kwa hiyo tunaijenga kama kitu cha kungojea. Tunanunua mbao mbichi, tunapigilia, tunapaka mafuta ya vidanji, yenye yanabaki juu ya ngozi ya mti tu, kiisha tunashangaa ikioza katika miaka kumi. Halafu tunasema mbao ni mbaya.

Hronsek inanifundisha kwamba "tuko na mbao tu" si mwisho wa maneno. Wale watu nao walikuwa na mbao tu, tena kwa amri.

Nilirudi kwa ule Papa fundi. Nilimuomba msamaha kwanza, kiisha nikamuomba anifundishe. Alicheka, akanipa tezo. Tulikubaliana na wazee wa shapeli hivi. Nguzo mpya zitakuwa za moyo wa mti, si za weupe, na zitasimama juu ya jiwe. Viungo vikubwa vitakuwa vya ulimi na kijiti kikavu. Mbao za ukuta zitapigwa msumari, juu hatujakatazwa, lakini upande mmoja tu. Upande mwingine utalala chini ya ubao wenye kufuata, ili kila ubao upate nafasi ya kupungua bila kupasuka. Manjanja ya paa yatatoka nje ya ukuta kipimo cha mkono mzima. Na nyuma ya shapeli tumepanda miche ya muvula, yenye hakuna hata mmoja wetu atakata.

Jambo la mwisho njo lilikuwa gumu: kungoja. Mbao za sasa zimepangwa chini ya kivuli tangu mwezi wa tano, ubao juu ya ubao, na vijiti katikati ili hewa ipite. Kila Siku ya Mungu kuna mtu ananiuliza: "Injinia, Krismasi hii tutaingia?" Mara ya kwanza nilijibu mbio ili nionekane najua. Sasa naenda kwanza kwenye lundo la mbao, napima ubao wa mwaka huu na kipimo chenye niliandika juu yake siku ulipasuliwa. Ungali unapungua. Kwa hiyo nawajibu: bado, wazee wangu, Krismasi hii bado.